Jina la Mume Wangu, Mtoto wa Mama Yangu

Kikombe kilichovunjika wiki iliyopita kilikuwa changu. Mume wangu Ignatius ndiye aliyekiangusha.

Kwa aliyekosa kusoma habari hiyo: mama alipiga simu kutoka Kitui kutuambia kwamba Katunge amejifungua mtoto wa kiume. Nilipiga vigelegele vya chini kwa chini, maana chumba chetu hapa Satwa, Dubai, kimegawanywa kwa plaiwudi na jirani husikia hata ukimeza mate. Nilipogeuka, chai ilikuwa imemwagika mpaka kwenye viatu vya kazi vya Ignatius.

Nikamuuliza, "Baba, vipi?"

Akasema kikombe kimeteleza.

Kikombe kilikuwa na mkono wa kushikia. Hakikuteleza.

Sasa nieleze Katunge ni nani, kwa kuwa si nyote mnaosoma hapa ni Wakamba. Kwetu, mama ambaye hakujaliwa mtoto wa kiume anaweza kuoa. Ndiyo, mama mwenyewe anaoa. Anapeleka mbuzi kwa wazazi wa msichana, msichana anakuja kukaa kwake, na anaitwa iweto. Watoto atakaozaa ni wa boma lile. Wanabeba jina la mume wa yule mama, hata kama amekufa zamani. Baba yao wa damu haulizwi. Anayeuliza huonekana hana adabu.

Mama yangu alizaa wasichana watupu, na mimi ndiye wa mwisho. Dada zangu walipoolewa walichukua majina ya waume zao. Mimi nikafuata. Baba yetu, mzee Ndunda, alipokufa, hapakubaki mtu hata mmoja duniani anayeitwa kwa jina lake.

Basi mama akamwoa Katunge.

Mimi nilikuwa Damaris Ndunda. Siku za kutafuta pasipoti Ignatius aliniambia, "Dubai si Kitui. Ukifika kule na jina la baba yako, watasema nimekuokota njiani. Jina langu ndilo ua wako. Mtu akiliona anajua shamba lina mwenyewe."

Niliacha shule darasa la tano. Mtu akisema jambo kwa sauti ya kujua, huwa ninakubali kabla hajamaliza. Nikawa Damaris Mbithi.

Baba alipoambiwa hakugomba. Aliuliza tu, "Na mimi nitaitwa na nani?"

Mwaka uleule tukamzika.

*

Asubuhi baada ya kikombe kuvunjika nilikwenda kazini kama kawaida. Mimi hushona shanga kwenye abaya, yale mabaibui ya huku, katika duka la Bi Rukiya, Mzanzibari aliyehamia huku akiwa msichana. Teopista, jirani yangu wa plaiwudi, hupiga pasi. Yeye ni wa Bukoba, na mdomo wake hauna komeo.

Sikuwa na akili siku ile.

"Damarisi!" Bi Rukiya akaita. "Hebu nambie, hii abaya ni ya mtu mwenye mikono miwili ya kushoto?"

"Samahani, Bi Rukiya."

"Samahani si uzi, haishoni. Una nini, mwanangu?"

"Mama amepata mtoto."

Teopista akaacha pasi. "Mama yako? Yule bibi wa kwenye picha, mwenye mkongojo?"

Ikabidi nieleze habari za iweto. Mimi ni mtu wa haya, nikieleza jambo huwa ninaliambia sakafu. Nilipoinua macho, Bi Rukiya alikuwa amevua miwani.

"Mama yako kaoa mwanamke?"

"Ndiyo."

"Ngoma ikapigwa?"

"Mbuzi walichinjwa."

"Astaghfirullah. Na yote hayo ya nini?"

"Ya jina, Bi Rukiya. Jina la baba lisipotee."

"Ala! Na wewe ulikuwa wapi? Wewe si jina?"

"Mimi ninaitwa kwa jina la mume."

Akanitazama kama mtu anayetazama kitambaa kilichokatwa vibaya.

"Sikiliza, mwanangu. Mimi nimeolewa mara tatu. Wa kwanza Mmanga, wa pili Mngazija, wa tatu huyu aliyelala nyumbani sasa hivi. Jina langu ni Rukiya binti Irshad, na nitazikwa nalo. Ningekuwa nalibadilisha, leo ningekuwa kama mlango wa duka. Kila mpangaji na kibao chake."

"Lakini kwetu kanisani wanasema ni heshima," nikasema.

"Heshima kwa nani? Yeye kabadilisha nini chake? Kanyoa hata ndevu?"

Teopista akadakia, "Kwetu kila mtoto hupewa jina lake peke yake. Si la baba, si la mume. Mume wangu wa kwanza alikuwa mtu wa pwani, jina langu la nyumbani hata kulitamka hakuweza."

"Ndiyo maana kakukimbia," Bi Rukiya akasema. "Kachoka kukuita 'wewe'."

Tulicheka wote watatu. Nilicheka mpaka nikasahau. Ndipo Teopista akafuta jasho na kusema, kama mtu anayeuliza bei ya nyanya:

"Lakini Dama, mumeo jana alilia nini?"

"Hakulia."

"Alilia. Wewe ulipotoka kununua mkate. Alipiga simu akauliza, 'Ana afya? Anafanana na nani?' Halafu akalia. Nilitaka kugonga nimpe pole, nikajizuia."

Pasi ilitoa mvuke.

"Mtu hulia kwa furaha," Bi Rukiya akasema haraka. Lakini hakunitazama. "Yalla, kazi. Abaya ya yule bibi wa Al Twar inachukuliwa leo."

Nikarudi kwenye shanga zangu. Mwaka jana Ignatius alikwenda likizo peke yake. Alisema atamsaidia mama kubadilisha mabati ya nyumba. Mimi nilibaki hapa kwa sababu sikuwa nimepewa ruhusa. Nilianza kuhesabu miezi kwa vidole tangu likizo ile mpaka juzi, kisha nikaacha. Vidole vilitosha.

*

Sikupata nafasi ya kumuuliza. Alinitangulia.

Ilikuwa siku yake ya kupumzika. Ignatius ni mlinzi wa jengo moja la Mankhool, na akiwa nyumbani mchana hulala. Siku ile nilimkuta ameketi, uso umeoshwa, mikono juu ya magoti.

"Dama, kaa chini."

Chumba chetu kina kitanda tu. Nikakaa kando yake.

"Nina mtoto," akasema.

Hakusema kwa aibu. Alisema kama mtu aliyepandishwa cheo.

"Na Katunge?"

"Na Katunge. Usianze kulia, jirani anasikia."

Upande wa pili wa plaiwudi Teopista akakohoa.

"Nilikuwa juu ninapiga mabati," Ignatius akaendelea. "Jua kali. Msichana ananiletea maji. Mara moja, mara mbili. Unajua Shetani..."

"Usimsingizie Shetani. Hakuwa na ngazi."

Sijui maneno yale yalitoka wapi. Teopista akakohoa tena, ila safari hii kilikuwa kicheko.

Ignatius akashusha sauti. "Nisikilize. Yaliyopita yamepita. Ninachosema ni hiki: mwanangu hawezi kuitwa Ndunda. Nina mtoto mmoja tu duniani, halafu abebe jina la mzee aliyekufa? Watu watanionaje? Kwamba nilipanda, mama mkwe akavuna?"

Mmoja tu duniani.

Ndoa yetu haikutupa mtoto. Siku zote tulisema "Mungu hajatupa". Nilipomsikia akisema "nina", nikaelewa kwamba ile "tu" ya "hajatupa" ilikuwa imebaki yangu peke yangu.

"Jumamosi ukoo wenu unakutana kumpa jina," akasema. "Mimi na wewe tutakuwa kwenye simu. Wewe utawaambia wazee kwamba Katunge tulimwoa sisi. Kwamba ulikubali nipate mke mdogo kwa sababu wewe huzai. Mama yako alitushikia tu kwa kuwa tuko mbali. Wakisikia kwa kinywa chako watakubali. Mtoto atakuwa Mbithi, na wewe utaitwa mama yake mkubwa."

"Huo ni uongo."

"Ni uongo wa kujenga."

"Nikikataa?"

Akanyoosha suruali yake kwenye magoti, polepole.

"Ukikataa, rudisha jina langu. Ni langu, mimi ndiye niliyekupa. Utaondoka na lile ulilokuja nalo."

Lile nililokuja nalo lilikuwa limezikwa Kitui.

*

Nilikwenda nyuma ya duka, kwenye uchochoro wa magereji, nikampigia mama. Mafundi wawili Wapakistani walikuwa wamelala chini ya gari, miguu nje. Nilijua hawaelewi Kikamba, lakini bado nilinong'ona.

"Mama, yule mtoto ni wa nani?"

"Ni wa Ndunda."

"Mama. Baba amekufa. Mtoto ni wa nani?"

Nikasikia kuku wake. Kisha nikasikia ameketi, maana kigoda chake hulia.

"Kwani amekuambia?"

"Kwani wewe ulijua?"

"Nilijua."

"Ulijua lini?"

"Kabla yao."

Nikashika ukuta wa gereji. Ulikuwa unachoma, sikuuachia.

Ninyi msio wa kwetu hamwezi kuelewa neno lile lilivyo zito. Kwetu mkwe na mama mkwe hawatazamani usoni. Mama hajawahi kula mbele ya Ignatius. Akikutana naye njiani hujifunika leso na kupita kando, vichakani ikibidi. Mtu huyo ambaye hamtazami usoni, ndiye aliyemchagua.

"Ningemchagua nani?" mama akasema. "Walevi wa sokoni? Nilitaka damu ninayoijua. Nilimtuma Katunge ampelekee maji, mimi nikaenda zangu kanisani. Basi."

"Ni mume wangu, mama!"

"Ni mume wako, ndiyo. Alikuja kwenye boma hili akamkuta Ndunda, akaondoka na Mbithi. Mbuzi aliowaleta walikuwa wa msichana. Nani alimwambia achukue na jina? Baba yako aliingia kaburini akiuliza. Sasa na mimi nimechukua Mbithi, nimemfanya Ndunda. Tumelipana."

"Na mimi? Mimi nimelipwa nini?"

Nikasikia mama anainuka kwenye kigoda.

"Wewe ulikuwa umeshahama," akasema.

Mmoja wa wale mafundi akatoa kichwa chini ya gari, akanitazama, akakirudisha. Labda kilio hakina lugha.

Mama aliningoja nimalize, kisha akasema kwa sauti ile aliyokuwa akinibembelezea nikiwa mdogo. "Mwanangu, Jumamosi sema tu kwamba hujui baba wa mtoto. Sema Ignatius anaota. Mtoto akishaitwa Ndunda, na wewe nitakuita tena binti wa boma hili, mbele ya wazee. Utakuwa na pa kurudi. Bila hivyo, siku huyo mwanamume akikufukuza, hapa utapita kama mgeni wa chai."

Mume ananitaka niseme uongo, ananipa jina. Mama ananitaka niseme uongo, ananipa jina.

Nilimwambia Bi Rukiya, kwa sababu nilikuwa nimerudi na macho mekundu na hakuna pa kuyaficha. Hakutania. Alikunja abaya aliyokuwa ameshika, akaikunjua, akaikunja tena.

"Hao wote wawili," akasema, "wanakuuzia nguo yako mwenyewe."

"Nifanye nini, Bi Rukiya?"

"Sijui, mwanangu. Mimi jina langu halijawahi kuniuliza kitu."

*

Jumamosi Ignatius alibadilishana zamu. Alivaa suti ya harusi yetu na tai, ingawa simu ilikuwa ya sauti tu na hakuna ambaye angemwona. Aliiegemeza simu kwenye sufuria ya umeme ya kupikia wali, akaweka spika, tukakaa kitandani kama watu wanaopigwa picha.

Kule Kitui kikao kilikuwa uani kwa mama. Aliyekiongoza alikuwa Mutua, mdogo wake baba. Baba mdogo Mutua huongea na simu kama anaita ng'ombe ng'ambo ya mto.

"HALOO! DUBAI! MNANISIKIA?"

"Tunakusikia, baba mdogo."

"HUKO NI SAA NGAPI?"

"Saa tano."

"Hapa ni saa nne! Mbona nyinyi mko mbele?"

"Ni jua, baba mdogo. Huku linatangulia."

"Hata jua wamelichukua hao!" Wazee wakacheka. Ignatius naye akacheka sana, kuliko mzaha wenyewe.

Kisha baba mdogo akakohoa, na sauti yake ikabadilika.

"Haya. Tuna mtoto hapa hajapewa jina. Ignatius amesema ana neno juu yake. Mama yako amesema hakuna neno. Wote wawili wamesema wewe ndiye shahidi. Damaris, kikao hiki hakimsikilizi mtu ambaye hajajitaja. Jitaje kwanza. Wewe ni nani?"

"Mimi ni Damaris."

"Damaris wa nani?"

Ignatius akanibana goti. "Mbithi," akanong'ona.

Kutoka kwenye simu, mbali kidogo, nikasikia sauti ya mama. "Wa Ndunda. Si mnamjua?"

Wote wawili walikuwa wamenijibia. Nilifungua mdomo, sikuona neno hata moja kati ya yale mawili ambalo ningeweza kulitoa bila kulitemea mate.

"Damaris," nikasema tena.

"Hilo ni nusu," baba mdogo akasema. "Nusu nyingine?"

"Sina. Nisikilizeni kwa hiyo nusu. Mtoto ni wa Ignatius. Lakini sisi hatukumwoa Katunge, mimi sijawahi kuulizwa habari za mke mdogo. Aliyemwoa ni mama. Na mama alijua kila kitu. Ndiye aliyemtuma Katunge kwa Ignatius."

Sijawahi kusema maneno mengi namna ile mbele ya watu. Sauti ilitetemeka njia nzima, lakini ilifika.

Mama akapiga ukelele.

"Damari! Umenivua nguo mbele ya shemeji zangu!"

Ignatius alisimama, akakaa, akasimama tena. "Umeniua," akasema. "Umeniua, Dama. Hukuweza kusema neno dogo tu?"

"NYAMAZENI!" Baba mdogo alikuwa anahema. "Mkwe anazaa ndani ya boma la mama mkwe, na mama mkwe ndiye aliyefungua lango? Mimi niweke jina la kaka yangu juu ya jambo hilo? Siweki. Na Mbithi naye hapati kitu, maana mbuzi waliomleta Katunge hawakutoka kwa Mbithi. Mtoto huyu..." Akatafuta neno, akalikosa. "Mtoto huyu mleteni hapa kwanza. Katunge yuko wapi?"

"Yuko jikoni," mama akasema huku analia. "Katunge! Katunge we! Lete mtoto!"

"Siko jikoni, mama."

Sauti ilitoka kwenye simu, karibu kuliko zote, ya msichana aliyechoka. Kijana aliyeunganisha simu asubuhi alikuwa ameunganisha watu wote wa boma, na Katunge alikuwa mtu wa boma. Alikuwa anatusikiliza tangu habari za jua. Nyuma yake watu walikuwa wanatangaza mayai ya kuchemsha, kama kwenye stendi ya mabasi.

"Uko wapi?" baba mdogo akauliza.

"Niliondoka mlipokuwa mnapanga viti."

"Na mtoto?"

"Ninaye. Ananyonya."

"Mrudishe mtoto wa Ndunda!" mama akalia.

"Ni Mbithi huyo!" Ignatius akaipigia simu kelele. "Katunge, huyo ni Mbithi!"

"Ana jina," Katunge akasema. "Nilimpa siku aliyozaliwa. Nimempa la baba yangu."

"Baba yako?" Baba mdogo karibu apaliwe. "Baba yako alikula mbuzi wetu!"

"Mbuzi alikula yeye. Mtoto nimezaa mimi."

Nisamehewe, lakini moyo wangu ulicheka. Ulicheka na kuumia palepale, maana msichana yule, mdogo kwangu, alikuwa amelala na mume wangu, na bado alikuwa amefanya kwa siku moja jambo ambalo mimi sikujua kwamba mwanamke anaweza kulifanya.

"Dada Damaris," akaita.

Nilisita. "Ninakusikia."

"Huko kote wananiita iweto, wengine sasa wananiita mke mdogo. Wewe ndiye wa kwanza kusema mambo yalivyokuwa. Nitakuambia ninapokwenda. Wewe peke yako. Wengine watoke kwenye simu, la sivyo ninazima."

"Hatoki mtu!" mama akasema.

"Basi ninazima."

"Tokeni!" Ignatius akafoka. "Tokeni wote, aseme!"

Wakatoka mmoja mmoja, baba mdogo wa mwisho, akiuliza kitufe kiko wapi. Nikatoa spika, nikaweka simu sikioni. Ignatius akaleta kichwa chake karibu na changu. Nikageukia plaiwudi, paji la uso likaigusa, nikaikumbatia ile simu kwa mikono miwili.

Katunge akanitajia mahali. Akanitajia na mtu anayemngoja huko. Nilipajua.

"Umeshika, dada?"

"Nimeshika."

"Kuna jambo lingine. Nimesikia ukisema nilitumwa kwake. Ndivyo alivyokuambia mama yako?"

"Alisema alikutuma na maji, akaenda kanisani."

Nikamsikia anavuta pumzi.

"Hakwenda kanisani siku ile, dada. Alikaa nje ya mlango. Nilimwita, nikamwita. Hakufungua."

Simu ikakatika.

Sikugeuka mara moja. Ubao ulikuwa na harufu ya gundi.

"Yuko wapi?" Ignatius akauliza.

Nikageuka. Alikuwa amesimama katikati ya kitanda na mlango, na suti ya harusi imembana tumboni. Ni mtu niliyemfulia nguo, niliyempikia, niliyebeba jina lake kama mtu abebavyo mtungi kichwani, bila kutikisa shingo. Nilimtazama nikamwona ndani ya chumba kingine, chenye mlango uliofungwa, na mtu anaita.

"Dama. Mwanangu yuko wapi?"

Simu ikaanza kuita mkononi mwangu. Mama. Naye alitaka kujua.

Nimenyamaza mara nyingi katika maisha yangu kwa sababu ya haya. Safari hii sikuwa na haya hata kidogo. Nilibonyeza simu ikazima kabisa, nikaikalia.

Ignatius hakupiga kelele. Alikwenda mlangoni, akasukuma komeo mpaka mwisho, akarudi akiwa analegeza tai.

"Mimi nina siku nzima," akasema kwa upole. "Hutoki humu mpaka useme."